Dale Steyn: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu safari yake ya urushaji

Kila ninapomtaja Dale Steyn, maswali huwa yale yale. Wengine wanaijua kriketi kuliko mimi na wanataka ubishi tu. Wengine waliona video moja fupi, jamaa mwembamba mwenye macho ya kutisha akiangusha vijiti, wakataka kujua ni nani. Majibu haya ni ya wote wawili.

Dale Steyn ni nani?

Ni mrushaji wa kasi wa Afrika Kusini, aliyezaliwa tarehe 27 Juni 1983. Alicheza mechi 93 za Testi kati ya 2004 na 2019, akapata wiketi 439 (maneno hayo nayaeleza katika jibu linalofuata). Hakuna Mwafrika Kusini mwingine aliyekuwa amefikisha idadi hiyo wakati anaacha. Ukijumlisha mechi za siku moja na zile za ova 20, jumla yake ya kimataifa ni wiketi 699. Ndiyo, moja tu imepungua kufika 700, na mashabiki wake hatujaacha kuifikiria hiyo moja.

Sijui kriketi vizuri. Mrushaji wa kasi anafanya kazi gani hasa?

Anakuja mbio, anarusha mpira mkono ukiwa umenyooka, mpira unadunda mbele ya mpigaji ambaye nyuma yake kuna vijiti vitatu. Kazi ya mpigaji ni kuvilinda vijiti hivyo na kupata mikimbio, yaani pointi za mchezo. Kazi ya mrushaji ni kumtoa: avivunje vijiti, au amlazimishe mpigaji kuugusa mpira vibaya udakwe kabla haujagusa chini, au umpige mguuni pale ambapo ungeenda kugonga vijiti. Kila anayetolewa ni wiketi moja. Mipira sita ni ova moja.

Warushaji wako wa aina mbili kuu. Wapo wanaourusha polepole wakiuzungusha kwa vidole au kiganja, na wapo wa kasi. Steyn alikuwa wa kasi, na katika siku zake nzuri mipira yake ilipita kilomita 145 kwa saa. Pichi ina urefu wa mita 20 hivi. Mpigaji anabaki na chini kidogo ya nusu sekunde kuona, kuamua, na kusogeza mguu.

Testi ndiyo kriketi ndefu, inayochezwa hadi siku tano. Wachezaji wengi hupimwa huko, na sehemu kubwa ya ukurasa huu ni ya huko.

Alitokea wapi?

Phalaborwa, mji wa migodi ulioko Limpopo, kwenye mlango wa Hifadhi ya Kruger. Si mahali panapojulikana kwa kuzalisha wanakriketi. Alipenda ubao wa magurudumu na uvuvi kabla dunia haijamjua, na mapenzi hayo hayakumtoka hata alipokuwa tajiri na maarufu. Kutoka huko alisogea hadi Pretoria, akaanza kucheza kriketi ya daraja la kwanza mwaka 2003. Mwaka mmoja baadaye alikuwa timu ya taifa.

Ni kweli alianza vibaya?

Kweli kabisa, na naomba sehemu hii isirukwe.

Mechi yake ya kwanza ya Testi ilikuwa Desemba 2004 dhidi ya Uingereza, katika uwanja wa St George's Park, Port Elizabeth, mji ambao leo unaitwa Gqeberha. AB de Villiers, mpigaji wa Afrika Kusini, naye alianza siku hiyo hiyo. Steyn alimtoa mpigaji wa Uingereza Marcus Trescothick na watu wakaona kasi, lakini mfululizo wa mechi hizo na Uingereza ulipokwisha alikuwa na wiketi 8 katika mechi 3, na kila wiketi ilikuwa imeigharimu timu mikimbio 52. Hizo ni takwimu za mtu anayeachwa. Wakamwacha.

Akaenda kuchezea klabu ya Essex huko Uingereza, akarudi nyumbani, akarusha, akarusha tena. Aprili 2006 aliitwa dhidi ya New Zealand, na pale Centurion akachukua wiketi 5 katika zamu moja, yaani kipindi kimoja cha timu kupiga. Mwishoni mwa 2007, New Zealand hao hao walipokuja tena, alichukua wiketi 10 katika kila mechi kati ya mechi mbili za mfululizo. Wastani ule wa 52 ulishuka mwaka baada ya mwaka hadi ukatulia kwenye 22.95. Kuushusha wastani kutoka kule ni kazi ngumu kuliko kuanza vizuri, kwa sababu kila kosa la mwanzo linabaki kwenye hesabu milele.

Alikuwa na kitu gani ambacho warushaji wengine wa kasi hawakuwa nacho?

Wengi hujibu "kasi". Mimi sikubali. Wapo waliorusha kwa kasi kuliko yeye, na wengi wao hata majina yao yamesahaulika. Cha Steyn ni kwamba mpira wake ulikwenda kwa kasi ile na bado ukapinda, tena ukapinda mwishoni kabisa.

Mpira wa kriketi una mshono ulioinuka katikati. Timu huung'arisha upande mmoja na kuuacha mwingine uchakae. Mrushaji akiuachia mshono ukiwa umesimama wima na kuelekezwa pembeni kidogo, hewa hupita tofauti kila upande na mpira hupinda. Ugumu ni kwamba ukiongeza nguvu, kiganja hutikisika, mshono huyumba, na mpira huenda moja kwa moja kama jiwe. Ndiyo maana kwa kawaida wenye kasi kubwa hawaupindi sana, na wanaoupinda sana hawana kasi kubwa. Kiganja cha Steyn kilibaki kimetulia nyuma ya mpira hata mwili wake wote ulipokuwa unatoa kila kilichomo.

Kisha alikuwa na ujasiri wa kurusha mbele. Mpira unaodunda karibu na miguu ya mpigaji hupata nafasi zaidi ya kupinda hewani, lakini pia ndio rahisi kupigwa ukikosea kidogo. Warushaji waoga huufupisha. Yeye aliurusha pale pale, ova baada ya ova, ukielekea kwenye kijiti cha nje. Mpigaji wa mkono wa kulia anauona unakuja kwenye vijiti, analazimika kucheza, na wakati bati limeshatoka mpira unakimbia nje, unagusa ukingo, unaishia mikononi mwa walinzi walioko nyuma. Akishaanza kuogopa ule wa nje, anaachia mmoja upite, na huo unaingia ndani na kung'oa kijiti.

Mpira ukizeeka hupinda kinyume cha ulivyopinda ukiwa mpya, na hilo nalo alilimudu. Ndiyo sababu pichi kavu za Asia, ambako warushaji wa kasi kutoka nje huenda kuteseka, hazikumshinda.

Watu hukumbuka pia uso. Mshipa wa shingo umetoka, macho yametoka, ngumi inachapa hewa baada ya kila wiketi. Wengine walidhani ni hasira. Nje ya uwanja alikuwa mpole, mwenye kucheka. Nadhani zile zilikuwa sekunde ambazo mwili uliojizuia kwa ajili ya kiganja kile ulipata ruhusa ya kulipuka.

Ile namba 42.3 inayotajwa kila wakati ina maana gani?

Ni idadi ya mipira aliyohitaji, kwa wastani, kupata wiketi moja ya Testi. Ova saba hivi. James Anderson wa Uingereza, aliyemaliza na wiketi 704, alihitaji mipira zaidi ya 56 kwa kila moja. Kati ya wote waliokuwa wamefikisha wiketi 400 wakati Steyn anastaafu, hakuna aliyezipata haraka kama yeye.

Ukinilazimisha nichague namba moja ya kumweleza, ni hiyo. Nahodha akimpa mpira Steyn, mchezo ulikuwa unabadilika ndani ya saa moja, na wapigaji walilijua hilo kabla hajaanza kukimbia.

Siku zake kubwa zilikuwa zipi?

Nitaanza na Melbourne, Desemba 2008, ingawa wengi wangeanza na Johannesburg.

Afrika Kusini haikuwahi kushinda mfululizo wa Testi nchini Australia. Hawakuwahi hata mara moja. Australia ilikuwa imepata mikimbio 394 katika zamu ya kwanza, na Waafrika Kusini walikuwa wamebakiwa na wapigaji wawili wa mwisho pamoja na JP Duminy, wakiwa nyuma kwa mbali. Aliyeingia kumsaidia Duminy alikuwa Steyn, mtu ambaye kazi yake si kupiga. Wawili hao waliongeza mikimbio 180 kabla mpigaji wa tisa hajatolewa. Duminy alifikisha 166, Steyn 76. Na kwa mpira: alikuwa ameshachukua wiketi 5 katika zamu ya kwanza ya Australia, kisha akachukua wiketi 5 tena katika ya pili. Ushindi wa wiketi 9, yaani wapigaji tisa walikuwa bado hawajatolewa, na mfululizo ukachukuliwa. Mechi moja, mikimbio 76 na wiketi 10. Siwezi kuitaja bila moyo kwenda mbio.

Ahmedabad, Aprili mwaka huo huo: India ilitolewa yote kwa mikimbio 76 nyumbani kwao, Steyn akiwa na wiketi 5 huku akitoa mikimbio 23 tu.

Nagpur, Februari 2010: wiketi 7 kwa 51, tena dhidi ya India, tena nyumbani kwao. Hiyo ndiyo zamu yake bora kwa takwimu. Murali Vijay aliuinulia bati mpira aliodhani unapita nje, na ukageuka ukagonga kijiti. Ukitaka kumwelewa Steyn kwa mpira mmoja tu, tafuta huo. Kwa jumla alimaliza na wiketi 26 katika mechi 6 za Testi alizocheza India.

Cape Town, Januari 2011, sitaji wiketi bali pambano. Sachin Tendulkar, mpigaji wa India, alikuwa akielekea mikimbio 146, na Steyn alikuwa akimrushia mipira iliyopita ukingo wa bati kwa upana wa unywele. Alichukua wiketi 5 katika zamu hiyo, lakini Tendulkar hakuwa mmojawapo. Mmoja akiwa kwenye kilele cha urushaji, mwingine kwenye kilele cha upigaji, na hakuna aliyekubali kushindwa asubuhi ile.

Na Johannesburg, Februari 2013. Pakistan ilitolewa yote kwa mikimbio 49, idadi ndogo kuliko zote katika historia yao ya Testi. Steyn: ova 8 na mpira mmoja, mikimbio 8, wiketi 6. Alimaliza mechi na wiketi 11 kwa mikimbio 60.

Alikaa muda gani kama namba moja duniani?

Kwa jumla ya wiki 263 kati ya 2008 na 2014 kwenye orodha ya warushaji wa Testi. Mwaka 2008 alitajwa na Baraza la Kriketi la Kimataifa kuwa mchezaji bora wa Testi. Agosti 2012, Afrika Kusini iliifunga Uingereza kwao na kuwa timu namba moja duniani, na yeye ndiye aliyekuwa akiongoza urushaji akiwa na Morne Morkel na Vernon Philander. Sijaona watatu waliokamilishana vile: Morkel na urefu wake, Philander na usahihi wake, Steyn na yote mengine.

Nini kilitokea kwenye nusu fainali ya 2015?

Tarehe 24 Machi 2015, Auckland, Kombe la Dunia la mechi za siku moja. New Zealand walihitaji mikimbio 12 katika ova ya mwisho. Mpira akapewa Steyn, mguu tayari unamsumbua, mtaalamu wa tiba ya viungo wa timu akaingia uwanjani katikati ya ova hiyo hiyo. Ikabaki mikimbio 5 kwa mipira 2. Grant Elliott, ambaye alizaliwa Johannesburg, akaupiga mpira uliofuata ukaruka hadi kwa watazamaji. Mikimbio sita.

Steyn alianguka chini na kubaki pale. Elliott alimwendea na kumnyooshea mkono amwinue. Picha hiyo imezunguka dunia nzima.

Watu huuliza kama lilikuwa kosa lake. Siku hiyo hakuwa mzuri, hilo lisifichwe: alitoa mikimbio 76 kwa wiketi 1. Lakini Afrika Kusini ilipoteza pia nafasi za kudaka na za kumtoa mpigaji akiwa anakimbia, na ova ya mwisho hupewa yule unayemwamini kuliko wote. Mwaka mmoja kabla, Kombe la Dunia la ova 20 pale Chittagong, New Zealand hao hao walihitaji mikimbio 7 katika ova ya mwisho, Steyn akawapa 4 tu. Alimaliza na wiketi 4 kwa 17, Afrika Kusini ikashinda kwa mikimbio 2. Mtu aliyefanya lile ndiye aliyeombwa alirudie.

Kwa nini aliumia mfululizo miaka ya mwisho?

Kwa sababu alikuwa ameshalipa kwa muda mrefu bila sisi kuona. Kila mpira wa mrushaji wa kasi, mguu wa mbele hutua na kubeba uzito wa mwili mara kadhaa, mgongo unapinda na kujikunja, bega linazunguka kwa nguvu yote. Steyn si mrefu kwa kipimo cha wenzake, hivyo kasi yake haikutoka kwenye urefu wa mkono bali kwenye mbio na mshtuko wa mwili. Alifanya hivyo kwa zaidi ya mipira 18,000 katika Testi peke yake, na kwa miaka mingi karibu hakuumia.

Kisha vikaja kwa pamoja. Novemba 2015, kinena, huko Mohali, India. Desemba, bega, Durban. Akapona, akarudi, akachukua wiketi 5 dhidi ya New Zealand Agosti 2016. Novemba hiyo, Perth, Australia, alikuwa ndiyo kwanza amemtoa mpigaji David Warner aliyekuwa na mikimbio 97, na ova chache baadaye akashika bega la kulia. Mfupa ulikuwa umevunjika. Si msuli, mfupa. Januari 2018, Cape Town, akarudi na kisigino cha kushoto kikachanika katika mechi ile ile ya kurudi. Mwaka 2019 alisafiri na timu kwenye Kombe la Dunia Uingereza, bega likakataa, akarudi nyumbani bila kurusha mpira hata mmoja.

Rekodi ya Pollock ilimchukua muda gani?

Shaun Pollock alikuwa ameacha na wiketi 421, nyingi kuliko Mwafrika Kusini yeyote. Steyn alipotolewa uwanjani Perth alikuwa na 417. Alihitaji 5 kuipita, kitu alichozoea kukifanya ndani ya alasiri moja. Zilimchukua miaka miwili na zaidi: mbili Cape Town kabla ya kisigino, mbili Sri Lanka Julai 2018, na ya mwisho Centurion tarehe 26 Desemba 2018, Fakhar Zaman wa Pakistan akidakwa na Dean Elgar. Ilikuwa mechi yake ya 89. Pollock alikuwa amecheza 108.

Kati ya wiketi zake zote 439, hizo tano ndizo ninazozithamini kuliko zile sita za Johannesburg.

Je, alifaa katika mechi fupi?

Alifaa, ila hakuwa mfalme huko. Wiketi 196 katika mechi 125 za siku moja, 64 katika mechi 47 za ova 20. Kwenye ligi ya India alianza msimu wa kwanza kabisa, 2008, na Royal Challengers Bangalore, akapitia Deccan Chargers, Sunrisers Hyderabad na Gujarat Lions.

Aliwahi kucheza pamoja na Wakenya?

Wachache wanalijua hili. Mechi yake ya kwanza ya kimataifa ya siku moja, Agosti 2005, hakuvaa jezi ya Afrika Kusini bali ya timu ya Afrika iliyocheza na timu ya Asia pale Centurion. Ni jezi ambayo Steve Tikolo na Thomas Odoyo wa Kenya nao waliwahi kuivaa.

Yeye na McGrath, au yeye na Anderson: nani zaidi?

Glenn McGrath wa Australia ana wiketi 563 kwa wastani bora kidogo kuliko wa Steyn. Anderson ana uhai wa uwanjani ambao sidhani utarudiwa na mrushaji wa kasi: mechi 188. Ukinipa siku tano na pichi isiyosaidia mtu, nikiwa lazima nipate wiketi kabla ya jua kuzama, mpira nampa Steyn. Unayeona tofauti, tubishane, lakini uje na Nagpur mkononi.

Alistaafu lini?

Testi, Agosti 2019. Kriketi yote, tarehe 31 Agosti 2021. Mechi yake ya mwisho ya Testi ilikuwa Februari 2019 dhidi ya Sri Lanka, katika mfululizo ambao Afrika Kusini ilipoteza mechi zote mbili. Uwanja ulikuwa St George's Park, pale pale alipoanza.

Anafanya nini baada ya hapo?

Anatangaza mechi, anavua samaki, na amewahi kufundisha urushaji. Mwaka 2022 alijiunga na Sunrisers Hyderabad kama kocha wa warushaji, na akafanya kazi hiyo pia kwa Sunrisers Eastern Cape katika ligi ya Afrika Kusini, timu iliyochukua ubingwa katika misimu miwili ya kwanza, 2023 na 2024. Uwanja wao wa nyumbani ni St George's Park.